Sauti Yangu Imehamia Sikio la Kushoto

Wenye shida ndogo ndogo leo mniache. Mimi sauti yangu imehamia sikio la kushoto na haitaki kurudi.

Kazi yangu ni yale matangazo mnayoyasikia mkipita Kiyembe, hapa Kampala, yanayorudiwa mpaka mwenye duka jirani anatamani kuhama: "Vitenge jumla na rejareja, karibu ndani, bei maelewano!" Ndiyo, ni mimi. Ya Kiluganda wanasoma wengine. Mimi nasoma ya Kiswahili, maana wanunuzi wa mizigo wanatoka Kongo na Sudan Kusini, na biashara haikungoja Baraza la Mawaziri likubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022. Lugha imepanda cheo, malipo yangu yako palepale.

Sasa nikanunua kile kisanduku cha sauti cha USB, kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, chenye matundu mawili ya maiki. Nikachomeka maiki tundu la kwanza, nikafunga dirisha, nikamwomba jirani apunguze redio. Alipunguza, akaongeza nilipoanza kusoma. Nikarekodi hivyohivyo. Kwenye skrini wimbi la juu linacheza, la chini ni mstari mtupu. Navaa hedifoni: kushoto nipo, kulia hakuna mtu.

Nikamtumia Hajati mwenye duka, nikitumaini hatagundua. Hajati anasikiliza kwa vile vya masikioni ambavyo upande mmoja ulishakufa. Upande upi? Wa kushoto, upi mwingine! Akanipigia: "Mwanangu, mbona umenitumia kimya?" Akahamisha kile kizima akakitia sikio la kushoto. Kimya vilevile. Akaazima vya binti yake, akapiga tena: "Haya, sasa nakusikia, lakini nusu. Basi nami nalipa nusu."

Akalipa nusu kweli.

Mji huu kila mtu ni fundi mpaka umwambie alete bisibisi. Wa boda akasema maiki ni feki. Mwenye nyumba akasema ni virusi, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuviona kwa macho. Shemeji akasema nikapimwe sikio. Nikabadilisha waya, sauti ikabaki kushoto. Nikahamisha maiki tundu la pili, sauti ikaruka kulia na kushoto kukawa kimya. Hapo maiki imeshashinda kesi, na waya pia. Kisanduku kinafanya kazi kilichoumbiwa: tundu la kwanza linakwenda kushoto, la pili linakwenda kulia, ili watu wawili wakirekodi pamoja kila mmoja awe na njia yake. Programu ya kurekodi nayo, ikiwekwa kwenye stirio, yaani kushoto na kulia kila upande na sauti yake, inapokea njia zote mbili na kukutunzia hata ile ambayo haina kitu. Katika vikaratasi vyote vilivyojaa ndani ya boksi, tahadhari ya kutokimwagia maji ipo kwa lugha chungu nzima. Hili la kushoto na kulia halimo.

Nikaenda kwa fundi wa redio kwenye akedi, jengo la maduka, chini kabisa, pale ambapo mchana wanawasha taa. Anatafuna muhogo huku anapuliza lehemu. "Mzee, achana na kisanduku, nakutengenezea waya uingie moja kwa moja kwenye rikoda." Akaichukua plagi ya maiki, ile yenye miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni wa ardhi, akaupeleka kwenye shina la jeki ndogo, ile plagi inayoingia kwenye rikoda. Mguu wa pili akauchomea kwenye ncha, ambayo ni kushoto. Mguu wa tatu akauchomea kwenye pete, ambayo ni kulia. Tukajaribu. Masikio yote mawili! Nikalipa bila hata kuomba apunguze, jambo ambalo nyumbani sijalisema.

Nikaweka ngoma kwa nyuma, nikamtumia Hajati, akafurahi, akatia kwenye flashi, flashi kwenye megafoni. Simu ikaja: "Mwanangu, ngoma naisikia. Wewe uko wapi?"

Nikaenda mwenyewe. Mlangoni pa duka ngoma inalia vizuri kabisa, na mimi niko kwa mbali huko, kama mtu anayetangaza vitenge akiwa chini ya godoro. Mama mmoja wa mizigo alikuwa anacheza. Kununua, hajanunua.

Kumbe maiki ya miguu mitatu hutuma sauti mara mbili: mguu wa pili inapita ilivyo, wa tatu inapita imepinduliwa. Kuna sababu. Waya mrefu huokota mikwaruzo, na mikwaruzo huingia pande zote mbili kwa namna moja. Mashine ya upande wa pili ikitoa moja kwenye nyingine, mikwaruzo inafutika na sauti inabaki. Fundi wangu akaipeleka iliyo wima kushoto na iliyopinduliwa kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata chake, huoni shida. Lakini megafoni ina mdomo mmoja tu, inajumlisha kushoto na kulia. Moja ukiongeza hasi moja, darasa la ngapi lile? Sifuri.

Na haya ya stirio alituletea Mwingereza, Alan Blumlein, aliyeomba hataza yake mwaka 1931. Alitaka sauti ya mwigizaji imfuate anapotembea kwenye pazia la sinema. Sawa, wazo zuri. Mimi sitembei, bwana! Nimekaa kwenye stuli nasoma bei ya vitenge.

Dawa yenyewe ni ya bure, ndiyo inauma zaidi. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi, kabla hujaanza unachagua mono, yaani njia moja tu, badala ya stirio. Kama umesharekodi, unaitenganisha stirio iwe njia mbili za mono na kufuta moja. Ikiwa moja ni tupu, futa hiyo. Ikiwa ni waya wa fundi wa muhogo, futa yoyote, ila ufanye hivyo kwenye sauti peke yake, kabla hujaweka ngoma. Nyie mnaorusha harusi mtandaoni kwa programu ya OBS, kwenye mipangilio ya juu ya sauti kuna kisanduku cha Mono, tieni alama mtuache.

Nikarudia tangazo, nikapeleka. Megafoni ikanitamka mpaka wa duka jirani akatoka kutazama. Hajati akatuma ile nusu iliyobaki kwa simu, papo hapo, bila hela ya kutolea.