Kukadiria mwandamo wa mwezi si kuutangaza

Miezi mingi kabla ya Pasaka, orodha za tarehe za sikukuu za Bwana huanza kusambaa miongoni mwetu tunaozishika kwa kuangalia mwandamo wa mwezi. Mikate Isiyotiwa Chachu tarehe hii, Siku ya Upatanisho tarehe ile, Vibanda tarehe nyingine, na zote zimeandikwa kwa namna moja, kana kwamba zina uhakika sawa. Hazina. Kuna miezi ambayo tarehe yake inajulikana mapema bila shaka yoyote, na kuna ambayo haijulikani hadi jioni yenyewe ifike. Anayetoa orodha bila kutuonyesha tofauti hiyo anatuachia ugomvi ambao ungeepukika.

Sipingi hesabu hata kidogo. Wapo ndugu wanaoamini kwamba kukokotoa ni upungufu wa imani, na kwamba mtu wa Mungu anapaswa kutoka nje jioni bila kujua lolote. Ninawaheshimu, lakini Maandiko hayawaungi mkono. Katika 1 Samweli 20 Daudi anamwambia Yonathani kwamba kesho ni mwandamo wa mwezi, kisha wanapanga mapema jinsi atakavyokosekana kwenye meza ya mfalme. Alijua kwa sababu siku zilikuwa zimehesabiwa. Mwezi wa namna hii una siku 29 au 30, basi. Siku ya 29 inapokwisha unaangalia magharibi. Ukiuona, mwezi mpya umeanza. Usipouona, unaongeza siku ya 30 na baada ya hapo huhitaji shahidi. Shaka yetu yote, hata katika mwezi mgumu kuliko yote, ni ya siku moja. Laiti tungelikumbuka hilo kabla ya kuitana waasi.

Sasa, ni nini hasa kinachoweza kukokotolewa? Wanajimu wa sayansi wanaweza kukupa kwa dakika, miaka mingi kabla, wakati ambao Mwezi utapita kati ya Dunia na Jua. Kwa wastani, kutoka mkutano mmoja wa namna hiyo hadi mwingine ni siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3 hivi. Hapo hakuna utata. Lakini saa hiyo hakuna kinachoonekana, kwa sababu upande wote unaong'aa umeelekea Jua, mbali nasi. Sisi tunatafuta kitu kingine: jioni ya kwanza ambayo jicho la mtu aliyesimama katika nchi ya Israeli litaona ule ukingo mwembamba wa nuru baada ya Jua kuzama. Hapo mambo huanza kuwa magumu.

Mwezi hujitenga na Jua kwa takriban nyuzi (digrii) 12 kwa siku, yaani kama nusu ya uzi mmoja kwa saa. Mwanajimu Mfaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba ukiwa umejitenga kwa nyuzi zipatazo 7 au chini ya hapo, hilali haionekani kabisa. Lakini kuzidi kiwango hicho si kuonekana. Inategemea pia njia ya Mwezi imeinuka kiasi gani juu ya upeo wa macho. Ukiwa Yerusalemu mwezi Machi au Aprili, njia hiyo husimama karibu wima jioni, na Mwezi wenye umri wa saa 24 tangu mkutano unaweza kuonekana waziwazi, umekaa juu angani. Septemba au Oktoba njia hiyo hulala. Mwezi wenye umri uleule unakuwa chini karibu na ardhi, umezama ndani ya mwanga wa machweo, na unatua kabla giza halijaingia vya kutosha. Kwa hiyo ile kanuni inayorudiwa sana, kwamba Mwezi ukifikisha saa kadhaa lazima uonekane, haifai. Mwezi wa kwanza na mwezi wa saba haipimwi kwa kipimo kimoja.

Kazi iliyonisaidia zaidi kuelewa jambo hili ni ya mwanajimu Bernard Yallop wa Uingereza, ya mwaka 1997. Alichukua taarifa 295 za kuonekana na kutoonekana kwa hilali, akalinganisha unene wa hilali na tofauti ya kimo kati ya Mwezi na Jua, kisha akagawa matokeo katika madaraja kuanzia A hadi F. A ni jioni ambayo hilali inaonekana kwa urahisi. F ni jioni ambayo haiwezekani. Kilicho cha thamani kwangu ni yale madaraja ya katikati: hilali inayoonekana tu anga likiwa safi kabisa, au inayohitaji darubini kwanza ili macho yajue pa kutazama. Mtaalamu huyo hakuona aibu kuandika kwamba kuna jioni ambazo jibu lake si ndiyo wala hapana. Kwa nini sisi tuone aibu?

Wazee wa Wayahudi nao walitumia vyote viwili, hesabu na macho. Mishna, mkusanyiko wa kale wa mapokeo ya sheria yao, inaeleza jinsi mashahidi walivyohojiwa: uliuona mbele ya Jua au nyuma yake, kaskazini au kusini, ulikuwa na kimo gani, na upana gani? Maswali hayo hayana maana kama muulizaji hajui jibu lililo sahihi. Rabani Gamalieli, kiongozi wa baraza lao, alikuwa na picha za sura za Mwezi ukutani, akiwaonyesha watu wa kawaida ili waseme waliona ipi. Hesabu ilimzuia shahidi wa uongo, na aliyeona kiwingu akadhani ni hilali. Lakini mwezi haukutangazwa kwa hesabu peke yake.

Kalenda ya kudumu ya Wayahudi, ambayo kwa mapokeo huhusishwa na kiongozi wao Hillel wa Pili katika karne ya 4, ilichukua njia nyingine. Iliweka wastani na kanuni, kwa mfano kwamba mwaka mpya, ambao kwao huanza siku ya kwanza ya mwezi wa saba, usianze Jumapili, Jumatano wala Ijumaa, na imelishikilia pamoja taifa lililotawanyika duniani kote. Hilo ni jambo kubwa na silibezi. Ila anayetaka kufuata mwandamo unaoonekana asidhani kalenda hiyo inampa mwandamo. Tazama mwaka 2024. Mwaka mpya wao ulianza Oktoba 2 Jua lilipozama, muda mfupi kabla ya saa 12 na nusu jioni kwa saa za Yerusalemu. Mwezi ulifikia mkutano wake na Jua usiku huohuo, saa 3 na dakika 49. Mwezi mpya wa kalenda ulitangulia hata mkutano wenyewe, na jicho tupu lilipaswa kungoja hadi jioni ya Oktoba 4.

Kwa sikukuu nyingi tofauti hizi zina dawa. Pasaka ni siku ya 14 na Vibanda ni ya 15. Kuna wiki mbili za kupokea habari kutoka kwa walioona na kurekebisha maandalizi. Ugumu uko kwenye sikukuu ya kupiga tarumbeta, siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Ndiyo pekee inayoanza jioni ileile hilali inapotafutwa, tena katika majira ambayo hilali ni ngumu kuonekana. Wayahudi huiadhimisha siku mbili hadi leo, hata ndani ya Israeli.

Na mawingu yakifunika jioni ya daraja A? Hapa ndugu wazuri wanatofautiana. Mimi nafuata siku 30, kwa kuwa hakuna aliyeona. Lakini aliyeamua vingine si mwasi. Rabi Yoshua, mwalimu wa wakati wa Gamalieli, aliwahi kukubaliana na waliosema kwamba Gamalieli amepokea mashahidi wasio wa kweli, na Gamalieli akamwamuru aje kwake na fimbo na fedha zake, vitu visivyobebwa siku takatifu, katika siku iliyokuwa Siku ya Upatanisho kwa hesabu ya Yoshua mwenyewe. Alikwenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake na mwanafunzi wake.

Basi ombi langu kwa wanaoandaa orodha ni hili. Endeleeni kukokotoa, tunawategemea. Kando ya kila mwandamo andikeni daraja lake kwa Yerusalemu, na mwezi wenye shaka uwekewe tarehe mbili, ya kwanza na ya pili, pamoja na sikukuu zote zinazoutegemea. Nanyi mnaopokea orodha, mwezi wa saba ukiwa wa shaka, ombeni ruhusa kazini kwa siku zote mbili, na mwenye kukodi ukumbi aukodi kwa zote mbili.