Utani ulionipeleka kusoma Historia

Mjomba aliposikia nimejaza Historia kwenye fomu za chuo, aliuliza swali moja tu: "Sasa utakula miaka?" Yeye alitaka nisome ugavi. Mpaka leo sijampa jibu la kumridhisha, maana ajira ya ualimu bado naisubiri. Ila mimi sikuifuata Historia kwa sababu ya ajira. Niliifuata kwa sababu ya utani.

Ukiwa Mgogo ukapelekwa bweni mbali na Dodoma, utani unakupokea getini. Eti Wagogo wote ni ombaomba. Ukiazima kalamu, "Si nilisema!" Nilicheka nao, mtani hanuni. Usiku ndiyo nilikuwa najiuliza: hivi kweli sisi tuko hivi?

Aliyeanza kunifumbua macho ni bibi. Kwake kila njaa hupimwa kwa Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, aliyosimuliwa na mama yake. Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin hadi tukauota, lakini Mtunya hakuna mwalimu aliyeigusia, na shule za Dodoma nazo sidhani kama zinaigusia inavyostahili. Chuoni ndipo nikaikuta. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua. Kisha mvua zikagoma. Kwa Mgogo ng'ombe ndiye akiba: mtama ukikauka shambani, unapeleka ndama kwa wenye chakula unarudi na nafaka. Sasa ng'ombe kaliwa na jeshi, utapeleka nini? Watu walihama kaya zao, wengine wakafia njiani. Kumbe kutoka kwenda kutafuta chakula kuna siku kulianza, na kuna waliosababisha.

Nikarudi nyuma zaidi, nikakutana na neno hongo. Leo hongo ni ya bahasha na kona za ofisi. Karne ya 19 ilikuwa ushuru unaotozwa hadharani. Msafara uliotoka pwani kwenda Tabora ulivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji ya kunyweka, ukaingia Ugogo umekauka koo. Visima vilikuwa na wenyewe. Mtemi wa kila eneo alidai vitambaa, shanga au waya, na asiyelipa hakunywa. Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipita mwaka 1871, akalipa huku akilalamika sana. Nilisoma malalamiko yake nikicheka peke yangu maktaba, msimamizi akanikata jicho.

Sisemi watemi wale walikuwa malaika. Wengine walikamua wapagazi waliochoka bila huruma. Lakini hao ndio watu wanaoitwa ombaomba? Mjomba nilimweleza haya yote akasikiliza vizuri, halafu akauliza kama nafasi za ualimu zimetangazwa.

Juzi hapa Dodoma, mgahawani karibu na stendi, Mnyamwezi mmoja ninayefanya naye kibarua alinianza: "Mgogo, leo unaomba nini?" Nikamwambia, "Siombi. Babu zako walibeba pembe za ndovu wakapita kwetu wakitulipa hongo ya maji. Wewe umepita hapa mwaka wa tatu, hujalipa."

Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamwita mhudumu, akalipa chai zote mbili na chapati zangu.