Majani mtoni: tuyatoe au tuyaache?

Kila ikifika Jumamosi ya usafi hapa Mwanza utaona watu wanaopoa kila kitu Mto Mirongo, chupa, mifuko, na majani ya miti nayo yanatupwa kiroba hichohicho. Hapo kwenye majani mi naona tunakosea.

Jani likidondoka majini, siku moja mbili za mwanzo linatoa rangi ile ya chai, ni sukari na vitu vingine vinayeyuka. Baadae fangasi na bakteria wanalivamia, linalainika na kuteleza, ndo hapo wadudu na kaa wanalila vizuri maana hao fangasi wamelifanya liwe na lishe. Okota jani la mkuyu lililokaa mtoni muda uone, nyama yote imeisha imebaki mishipa tu. Ulaya majani yanashuka kwa mkupuo kabla ya baridi na maji yenyewe ya baridi, kwa hiyo kazi inaenda polepole. Kwetu maji yana joto mwaka mzima, vijidudu havilali, ila mvua ndo inaamua: kiangazi majani yanalundikana kwenye vidimbwi, vuli ikianza Oktoba mafuriko yanasomba yote kuyapeleka ziwani hata hayajaliwa nusu.

Wanaosema yatolewe wana hoja, tena nzito. Lundo likiozea kwenye maji yaliyotuama linamaliza oksijeni, maji yananuka, samaki wadogo wanakufa. Na kalavati likiziba halafu mvua ikapiga usiku, muulize mtu wa Mabatini, eneo la hapa Mwanza linalokumbwa na mafuriko, atakwambia.

Lakini kijito cha juu huko chenye kivuli, jua halifiki vizuri chini, hivyo mwani ni kidogo na chakula kikubwa ni hayo majani, ukiyazoa yote wadudu wanakosa msosi, na samaki wanaokula wadudu nao vilevile. Halafu jani na jani linatofautiana! La mkaratusi ni gumu, lina mafuta, linachelewa sana kuoza na wadudu hawalikimbilii, kwa hiyo ugomvi mwingine ni mti gani tunapanda kingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa, eneo hilo lingerudishiwa mikuyu na miti mingine ya asili ingesaidia sana.

Mimi nasema hivi, kwenye mitaro na makalavati toeni majani yote Septemba kabla ya mvua, mkatengenezee mboji, ila mtoni kwenyewe toeni plastiki, majani yaacheni.