Kivumbasi kinaua bakteria, lakini kwa kipimo gani?

Karibu kila mmea wenye harufu kali, ukikaushwa, ukasagwa, ukalowekwa kwenye ethanoli, yaani kileo, kisha ukawekwa mbele ya bakteria maabarani, utawaua baadhi yao au utawazuia wasikue. Ni kweli kwa kivumbasi, ni kweli kwa karafuu, kwa kitunguu saumu, kwa mkaratusi na kwa mimea mingine mingi. Ndiyo maana nikisoma ripoti inayoishia kusema kwamba dondoo la mmea fulani, yaani kile kilichotolewa ndani yake kwa kuuloweka au kuuchemsha, lina uwezo wa kupambana na vimelea, huona nimeachwa njiani. Mitishamba inastahili zaidi ya hapo. Inastahili kuulizwa maswali magumu yaleyale tunayoviuliza vidonge: ni kemikali ipi hasa inayofanya kazi, inahitajika kiasi gani, na kiasi hicho kinaufanya nini mwili wa mtu. Na wa kwanza kuyauliza tunapaswa kuwa sisi tunaoipenda mimea hii, kwa sababu ndio tunaoitumia.

Nakichukua kivumbasi kwa sababu kimechunguzwa sana na kwa sababu kinaonyesha vizuri ugumu wa jambo lenyewe. Nazungumzia Ocimum gratissimum, ndugu wa mrehani, kinachoota Afrika, Asia na sehemu za joto za Amerika. Majani yake yana mafuta yanayoruka upesi hewani, na ndani ya mafuta hayo kemikali inayotawala si moja. Kuna vivumbasi ambavyo mafuta yake kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Vipo vyenye thaimoli kwa wingi. Vipo vinavyotawaliwa na jeranioli. Ukivipanda bega kwa bega, majani yanafanana na maua yanafanana, ila dawa iliyomo ndani ni nyingine kabisa. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi, mmea huzaliwa nayo; sehemu nyingine huletwa na udongo, mvua, umri wa jani na wakati wa kuvuna. Juu ya hayo, jina kivumbasi lenyewe watu hulitumia pia kwa spishi nyingine za jamii hiyohiyo. Ripoti isiyosema sampuli ya mmea ilihifadhiwa wapi na nani aliutambua, kwangu mimi imepoteza nusu ya thamani yake kabla sijafika ukurasa wa pili.

Kisha kuna namna ya kuandaa. Ukichemsha majani sufuria ikiwa wazi, sehemu kubwa ya mafuta yale hupaa na mvuke. Yanayobaki majini ni kemikali nyingine za mmea: asidi ya rozmarini, flavonoidi zilizoshikana na sukari, na tanini, zile zinazoleta ukakasi mdomoni. Ukiukusanya ule mvuke na kuupoza, unapata mafuta yenye eujenoli au thaimoli, bila hizo nyingine. Ukiloweka majani kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, unatoa nta na vitu vyenye asili ya mafuta. Ukitumia methanoli, ndugu wa ethanoli, unachota vya pande zote mbili. Mtu anayekunywa maji ya majani yaliyochemshwa na mtafiti aliyepima mafuta yaliyotokana na mvuke wanatumia jina moja kwa dawa mbili tofauti. Nimeona mara nyingi matokeo ya mafuta yakitumika kuwahakikishia watu kwamba chai inatibu. Hilo linanisikitisha, kwa sababu anayeambiwa hivyo huenda ana mtoto mgonjwa nyumbani.

Sasa kipimo chenyewe. Kinachofanyika katika tafiti nyingi ni hiki: bakteria hupakwa juu ya agari, utelezi mgumu wa kuwalishia, kwenye kisahani, kisha kidude cha karatasi kilicholoweshwa dondoo huwekwa juu yake, au tundu dogo hutobolewa na kujazwa dondoo. Baada ya usiku mmoja wa joto la mwili, pakiwa na duara tupu kuzunguka karatasi, bakteria wameshindwa kukua hapo. Duara hupimwa kwa milimita na namba kuingizwa kwenye jedwali. Ni kipimo rahisi, cha bei ndogo, na kina kazi yake ya kuchuja haraka. Lakini ukubwa wa duara hauamuliwi na nguvu ya kuua peke yake. Kemikali inayoyeyuka majini husambaa mbali ndani ya agari, na kemikali yenye asili ya mafuta hukwama karibu na karatasi hata kama ina nguvu zaidi. Mafuta yanayoruka hutoroka hewani kabla bakteria hawajaanza kugawanyika. Kwa hiyo duara la milimita 18 la dondoo la maji na duara la milimita 12 la mafuta hayawezi kushindanishwa, ingawa majedwali yanayashindanisha kila siku.

Kuna pia swali la kiasi. Karatasi ya kawaida ya antibiotiki iitwayo siprofloksasini inayotumika hospitalini huwa na mikrogramu 5 za dawa, na dhidi ya E. coli wa kawaida wa majaribio hutoa duara la karibu milimita 30 au zaidi. Dondoo la mmea mara nyingi huwekwa kwa miligramu, yaani mara mia kadhaa au hata mara elfu ya uzito huo, kisha mwandishi anasema matokeo yake "yanakaribia" yale ya antibiotiki. Hapana, hayakaribiani. Ili kulinganisha kwa haki inabidi kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua, kwa kulipunguza dondoo hatua kwa hatua ndani ya kimiminika. Kwa E. coli huyohuyo, siprofloksasini inahitaji kiasi kidogo kuliko mikrogramu 0.02 kwa mililita. Eujenoli safi kwa kawaida inahitaji mamia ya mikrogramu, wakati mwingine zaidi ya miligramu nzima. Kigezo kinachotumika sana na wanaochunguza mimea ni kwamba dondoo ghafi lianze kutiliwa maanani likifanya kazi kwa mikrogramu 100 kwa mililita au chini yake, na kemikali iliyotengwa kwa 10 au chini yake. Ukipitia ripoti ukiwa na namba hizo mbili kichwani, nyingi zinapungua uzito hapohapo.

Usahihi wa majaribio una mitego midogomidogo pia. Kiyeyushi, yaani kimiminika kilichotumika kulowekea mmea, kikibaki kwenye dondoo, chenyewe kinaua bakteria, kwa hiyo lazima kipimwe peke yake pembeni. Tanini hushikamana na protini za kila aina na kuleta matokeo yanayopendeza kwenye kisahani lakini yasiyofika popote.

Upande wa kemikali zilizomo, ripoti nyingi hutegemea vipimo vya rangi: kloridi ya chuma ikigeuka buluu nyeusi au kijani, kuna tanini, povu likidumu baada ya kutikiswa, kuna saponini, kimiminika cha Mayer kikiacha machicha meupe, kuna alkaloidi. Vipimo hivi vinataja ukoo, havimtaji mtu. Kusema mmea una alkaloidi ni kuweka kafeini, mofini na kwinini kwenye kapu moja. Wengine huenda mbele zaidi na kutumia mashine inayotenganisha mvuke wa kemikali kisha kupima uzito wa vipande vyake, na hutoa orodha ya majina hamsini yaliyolinganishwa na maktaba ya kompyuta. Mashine hiyo ni nzuri kwa mafuta ya kivumbasi. Kwa asidi ya rozmarini na nyingine zisizogeuka mvuke haisemi kitu mpaka zibadilishwe kwanza, na jina lililopendekezwa na kompyuta bado ni pendekezo. Katika orodha za aina hii hutokea mara kwa mara fthaleti, kemikali za kulainisha plastiki, zikitangazwa kuwa ni zao la mmea. Mara nyingi zimetoka kwenye chupa, mipira au viyeyushi vya maabara. Kisha mwandishi anaandika kwamba huenda ndizo zinazoua bakteria.

Tuseme sasa eujenoli ipo na inaua. Inauaje? Hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria na kuulegeza, seli ikaanza kuvuja. Bakteria kama Staphylococcus aureus huathirika kwa urahisi zaidi. Wale wenye utando wa pili wa nje, kama Pseudomonas aeruginosa, huizuia nje na kuisukuma itoke kwa pampu zao. Lakini utando wa seli si mali ya bakteria peke yao. Seli zetu pia zinao, na kitu kinachotoboa utando kwa kiwango kikubwa hakichagui sana. Watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu wamewahi kuumia ini vibaya. Kwa kiasi kidogo mwili unajilinda: ini huishikamanisha eujenoli na vitu vingine na kuitoa, karibu yote, kwenye mkojo ndani ya siku moja. Maana yake ni kwamba ile miligramu kwa mililita iliyoleta ushindi kwenye kisahani haiwezi kupatikana kwenye damu ya mtu aliyekunywa kikombe cha majani, na ingepatikana ingekuwa hatari. Kwa nini basi tafiti nyingi za vimelea hazipimi dondoo lilelile, kwa viwango vilevile, kwenye seli za binadamu? Ningependa kila mhariri wa jarida akatae makala isiyo na kipimo hicho.

Anayedhani maswali haya ni dharau kwa tiba za asili aitazame kazi ya Tu Youyou. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, Mradi 523, na yeye akaongoza kundi lililopitia maandiko ya kale na kupima mimea mingi. Artemisia annua ilionyesha dalili njema, kisha matokeo yakayumba. Katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuta maelekezo ya kuloweka mmea huo kwenye maji na kukamua juisi, bila kuuchemsha. Akawaza kwamba joto ndilo linaloharibu. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa takriban nyuzi 35, akaitenga sehemu yenye asidi iliyokuwa na sumu, na Oktoba 1971 dondoo lililobaki likamaliza vimelea vyote kwenye panya wa majaribio. Yeye na wenzake walilimeza wenyewe kwanza kuangalia usalama. Mwaka uliofuata kemikali yenyewe, artemisinini, ikatengwa, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Nobel. Hakuishia kutangaza kwamba kitabu cha kale kilikuwa sahihi. Alitafuta ni kipi ndani ya jani, kinaharibiwa na nini, kinatosha kiasi gani. Kilichookoa mamilioni ya watu ni hizo hatua zilizofuata baada ya matumaini ya mwanzo.

Wapo wanaosema mmea mzima hushinda kemikali moja iliyotengwa, na hawa sitaki kuwapuuza, kwa sababu mara nyingine wana haki. Baberini, alkaloidi ya manjano ya mimea ya jamii ya Berberis, ni dhaifu dhidi ya Staphylococcus aureus kwa sababu bakteria huyo anayo pampu iitwayo NorA inayoitoa nje. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya mimea hiyohiyo hutengeneza pia kemikali nyingine ambayo peke yake haiui kitu, ila huiziba pampu hiyo. Zikikutana, baberini hubaki ndani na kufanya kazi. Sijui mfano mzuri kuliko huo. Lakini tazama ulivyopatikana: walizitenga kemikali, wakapima kila moja peke yake, kisha wakazirudisha pamoja. Ushirikiano ndani ya mmea ni jambo linalopimika, kwa hiyo anayelidai alipime.

Hapa ndipo ninapoona nafasi kubwa ya kivumbasi na wenzake. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Dawa za bakteria tulizonazo karibu zote zilitokana na kuvu, na bakteria wa udongo, au zilitengenezwa maabarani. Mimea haijatupa hata moja ya kumeza yenye nguvu ya penisilini. Pengine haitatupa. Inaweza, hata hivyo, kutupa vya kuziba pampu, vya kulegeza utando ili dawa ya zamani ipite tena, na inaweza kufanya kazi mahali ambapo kiwango kikubwa kinafikika bila kupita kwenye damu. Thaimoli iko kwenye dawa za kusukutua kinywa tangu zamani, na madaktari wa meno huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Kinywa, ngozi na chakula kinachohifadhiwa ni mahali pa kuanzia penye maana kuliko kuahidi tiba ya homa ya matumbo.

Utafiti ninaotamani kuusoma ni huu. Vivumbasi vya aina tatu, cha eujenoli, cha thaimoli na cha jeranioli, vipandwe shamba moja na kuvunwa mara kadhaa kwa mwaka. Mafuta yapimwe peke yake na maji ya majani yapimwe peke yake, kila mara kukiwa na hesabu ya kemikali kuu kwa miligramu badala ya alama ya "ipo" au "haipo". Yote mawili yatafutiwe kiwango cha chini cha kuzuia dhidi ya bakteria wa majaribio na dhidi ya wale sugu waliotoka kwa wagonjwa, kwanza bila antibiotiki, kisha pamoja na kiasi kidogo cha antibiotiki iliyoshindwa. Seli za ngozi na za ini za binadamu ziwe kwenye trei ya pembeni, zikipokea viwango hivyohivyo siku hiyohiyo. Na matokeo yakiwa hafifu, yachapishwe hivyohivyo, namba zote zikiwa wazi, ili mwingine asirudie kupima duara lilelile.