Chungwa la Mama Mkwe

Miaka 12 nimekula kwa cherehani, kwa hiyo nilipoamua kusomea uuguzi nikajiambia: sindano ni sindano. Nilikuwa na miaka 36, watoto watatu, na D ya Kemia iliyolala kwenye faili tangu 2005, ambayo siku ya kuomba chuo ilinitoa kimasomaso. Mchana nasoma na vijana wa miaka 19 wanaoniita mama, jioni niko jikoni, usiku nashona sare za shule. Stashahada ni miaka 3. Usingizi nikauweka kiporo.

Ikafika zamu ya kujifunza kuchoma. Huanzi na mtu, unaanza na chungwa, maana ganda lake hukaza kidogo kisha likaachia, kama ngozi. Sindano ya msuli unaisimamisha wima, nyuzi 90. Ya chini ya ngozi nyuzi 45. Ya ndani ya ngozi unailaza, 10 hadi 15, mpaka lengelenge litokeze. Mkono wa ufundi ukaniumbua: matundu yangu yalijipanga mstari, nafasi sawasawa, kama pindo la sketi. Mwalimu akaligeuza chungwa.

"Hapa umetibu au umedarizi?"

Nikaona nifanye mazoezi nyumbani. Bahati nzuri mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na mtu wa Muheza haji mikono mitupu: kiroba kizima cha machungwa. Nikachukua sita. Mabomba ya sindano nikanunua duka la dawa, maji nikachemsha yakapoa.

Sasa, chuoni tunaambiwa mgonjwa sahihi kabla ya dawa sahihi, lazima umjue kwa jina. Nami fundi nimezoea kuandika jina la mteja kwenye kila kitambaa. Kwa hiyo kila chungwa likapata lake: mume wangu, wifi, mwenye nyumba, wateja wawili walionikimbia na hela ya mshono. Lile kubwa kuliko yote nikaliandika Mama Mkwe. Kwa heshima, wallahi.

Ili watoto wasiyale, nikayatia kwenye ndoo juu ya kabati la sebuleni, nikafunika kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye baibui ya mteja. Sindano zilizotumika nikazitia kwenye chupa ya plastiki, maana wodini zina sefti boksi na mimi sina. Chupa nayo humohumo ndooni. Ukiniuliza leo, naona kabisa ilivyokaa vibaya. Wakati ule niliona ni usafi.

Saa 8 usiku nimemaliza kushona, nikashusha ndoo. Utaratibu ni kumsalimia mgonjwa, kujitambulisha, kumweleza unachotaka kumfanyia, kisha kumwomba ridhaa. Anayerukia sindano anakatwa alama. Basi nikalinyanyua lile kubwa, nikalinong'oneza:

"Shikamoo Mama Mkwe. Mimi ndiye nitakayekuchoma usiku huu. Utasikia maumivu kidogo tu, halafu utatulia."

Nyuma yangu mlango ukalia. Mama alikuwa ameamka kwenda msalani.

Akatazama chungwa. Akasoma jina. Akahesabu matundu ya tangu juzi, midomo ikimcheza: kumi na manne, mstari mmoja. Akatazama kitambaa cheusi na chupa ya sindano.

"Na nimeyabeba mwenyewe," akasema taratibu. "Machungwa ya kuniulia nimeyabeba mwenyewe, kwa nauli yangu."

Alfajiri sebule imejaa: mume wangu na msuli wake, wifi, mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe akataka nionyeshe. Nikalichoma la mwenye nyumba, kwa salamu na ridhaa zote, kijasho kikinitoka kuliko siku ya mtihani. Akalikamua, akanusa, akatangaza ni maji. Kisha akachungulia ndooni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama lake limo. Wifi alikuta lake lina matundu mawili tu, akabaki kununa, hajui ashukuru au adai mengine.

Mama hakunisemesha kutwa nzima. Usiku, niko kwenye cherehani, akaja akaketi kando yangu. Akafungua upindo wa kanga, akatoa chungwa, akaliweka mezani pamoja na kalamu yangu.

"Andika bi mdogo wa baba mkwe wako," akasema. "Na huyu usimwombe ridhaa."