Mpunga wa Japani: mitambo ya mtandaoni na wakulima wenye karibu miaka 70

Sensa ya kilimo ya Japani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 1,363,000 ambao kilimo ndiyo kazi yao kuu. Miaka 5 kabla yake walikuwa 1,757,000. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 67.8. Serikali na viwanda vya zana za kilimo wanaamini pengo hilo litazibwa na mitambo inayowasiliana: trekta lisilo na dereva, vali ya maji inayofunguliwa kwa simu, droni ya kupulizia dawa. Kwa maoni yangu mitambo hiyo inamwongezea mzee miaka ya kulima, lakini suala la nani atampokea jembe bado liko palepale.

Trekta ndilo linalopigwa picha sana, kwa hiyo tuanze nalo. GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na kosa la namna hiyo linatosha kulitumbukiza mferejini. Ndiyo maana matrekta ya kampuni za Kijapani Kubota na Yanmar hutegemea kituo cha ardhini kinachotuma masahihisho kwa redio au mtandao wa simu, na kosa likashuka hadi sentimita 2 au 3. Kwenye mashamba mapana ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, mpango huu unalipa: mtu mmoja anaendesha trekta lake huku akilisimamia la pili linalojiendesha.

Kwingineko hesabu ni ngumu. Jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo, likiwa la kawaida na limesawazishwa lina mita 100 kwa 30, yaani hekta 0.3. (Wakulima wa Lower Moshi, Tanzania, wanaujua ukubwa huo; skimu yao ilijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980.) Kwa rotaveta (zana ya kutifua udongo inayofungwa nyuma ya trekta) ya upana wa mita 2 unapita mara 15, jumla kilomita moja na nusu, kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ni nusu saa, bila kuhesabu kugeuza. Miongozo ya usalama ya wizara ya kilimo ya mwaka 2017 ilitaka mtu awe karibu akiliangalia trekta, na kulihamisha barabarani hadi jaruba jingine kunahitaji dereva. Mwenye majaruba 10 yaliyotawanyika anaokoa muda mdogo mno kulinganisha na bei. Milimani, ambako ndiko kuna takriban asilimia 40 ya mashamba ya nchi hiyo, miti na miteremko huziba anga. Mashine ikipoteza satelaiti inasimama.

Kwenye maji ndipo teknolojia inapostahili sifa, tena kuliko inavyopewa. Mkulima wa mpunga huzunguka majaruba yake asubuhi na jioni kwa miezi, na kwa mtu wa miaka 75 mzunguko huo ndio unaomaliza magoti. Kihisi cha kina kikiunganishwa na vali yenye mota, paneli ndogo ya sola na betri, anaweka kiwango, tuseme sentimita 5, na vali inajifungua na kujifunga. Faida kubwa inaonekana kwenye baridi. Siku kama 10 hadi 15 kabla ya masuke kutoka, chavua inaumbika ndani ya shina. Joto likishuka chini ya nyuzi 17 wakati huo, chavua inaharibika na mavuno yanakuwa mapepe. Kinga ni kuinua maji hadi sentimita 15 au 20 yafunike suke changa, kabla baridi haijaingia. Mwaka 1993, kiangazi kilipokuwa cha baridi, mavuno ya nchi nzima yalikuwa asilimia 74 ya kawaida na Japani ikalazimika kuagiza mchele nje. Kuinua maji kwenye majaruba 40 jioni moja kwa miguu ni kazi ya kikosi. Kwa simu ni ya mtu mmoja.

Hata hivyo kihisi kinapima kina tu. Fuko akitoboa ukingo, maji yanahamia kwa jirani wa chini pamoja na mbolea, vali inaendelea kujazia, na simu inaonyesha sentimita 5 kana kwamba mambo ni shwari. Jaruba zuri hupoteza milimita 20 hadi 30 kwa siku. Kwa hekta 0.3 hiyo ni mita za ujazo 60 hadi 90. Kwa hiyo cha kufuatilia ni muda ambao vali imekaa wazi. Ukiongezeka maradufu bila joto kupanda, nenda ukapapase ukingo. Takataka zikinasa kwenye vali isifunge, au mwani ukigandisha boya la kihisi, dalili zinafanana, na anayezitofautisha haraka ni yule aliyetembea hapo miaka 40.

Ujuzi huo unapotea kirahisi kwa sababu vali imemwondoa mtu shambani. Anayerithi anapaswa kutembea na mzee msimu mzima na kutia alama kwenye ramani ya simu: kona isiyokauka maji yanapotolewa katikati ya msimu, mlango wa maji baridi ambapo mpunga huchelewa kuiva, ukingo unaovuja kila mwaka. Kijana akipewa programu na nywila peke yake, ataanza upya.

Kwa upande wa usalama sioni hoja ya kupinga. Mwaka 2020 watu 270 walikufa katika ajali za kazi za kilimo nchini humo, zaidi ya asilimia 80 wakiwa na miaka 65 au zaidi, na trekta kupinduka ni miongoni mwa sababu kuu. Droni nayo hupulizia lita 8 kwa hekta bila mtu kubeba bomba mgongoni kwenye tope. Lakini kufyeka majani kwenye kingo zenye mteremko, kazi inayowachosha wazee kuliko zote, bado ni ya mikono kwa sehemu kubwa.

Mnunuzi aulize pia kuhusu modemu, kifaa kinachouunganisha mtambo na mtandao wa simu. Trekta linaweza kutumika miaka 20. Kampuni ya simu ya KDDI ilizima mtandao wake wa 3G Machi 2022, na kifaa kilichoutegemea kilinyamaza hata kama mota na betri vilikuwa vizima. Kama modemu haibadilishwi peke yake, gharama ya kifaa kizima igawanywe kwa miaka ambayo mtandao utakuwepo.