Likioza: neno au si neno?

Jumamosi iliyopita, kibarazani kwetu Magomeni, mchezo wetu wa Scrabble ulisimama karibu nusu saa kwa sababu ya embe lililooza. Embe lenyewe halikuwepo. Kilichokuwepo ni kete saba ambazo dada mmoja, karani wa duka la vitambaa Kariakoo, alizipanga kutoka juu kwenda chini: L, I, K, I, O, Z, A. Ile L ya juu ikakaa mbele ya neno "isha" lililokuwa limeshalala ubaoni, likageuka "lisha". Alama 20 za neno lake, 8 za "lisha", na 50 za kumaliza kete zote saba kwa mkupuo mmoja: 78, kabla hata hatujagusa miraba ya rangi.

"Likioza nini?" akauliza mwalimu mstaafu, ambaye mpaka dakika ile ndiye aliyekuwa anaongoza.

"Embe, mwalimu. Embe likioza."

"Embe inaoza," akadakia kijana wa bodaboda. "Embe ikioza, si likioza."

"Haya, tunda. Tunda likioza."

Mwalimu akavua miwani. "Sentensi nimeikubali. Neno, bado. Kwenye kamusi ipo oza. Nionyeshe likioza."

Tunacheza Scrabble, na tunaicheza kwa Kiswahili. Kwa asiyeifahamu: kila mchezaji ana kete saba za herufi, ubao una miraba 15 kwa 15, na kila neno unaloweka lazima lishikane na lililopo. Herufi zina alama zake, na anayepata nyingi ndiye mshindi. Seti yetu ni ya Kiingereza, nimeinunua mtumbani pale Karume, kete 100 kamili. Sheria za Kiswahili tumejitungia wenyewe, na humo ndimo ugomvi unamozaliwa. Wachezaji wamegawanyika pande mbili: wanaotaka neno liwe limeandikwa kwenye kamusi, na wanaotaka neno lolote linalosemwa sawasawa, mradi mwenye nalo atoe sentensi. Nimekaa na pande zote mbili muda mrefu, na naona jambo hili linastahili kupimwa kwa utulivu kuliko tunavyolipima kahawa ikiwa inapoa.

Nianze na mwalimu, maana hoja yake moja ni nzito kuliko zote nilizozisikia, na wenzangu wengi huipita kwa haraka. Barazani kwetu wanacheza wazee wa miaka sabini na watoto wa darasa la sita. Mzee akiweka neno la kubahatisha, mtoto atamwambiaje? Kumwambia babu "hilo si neno" mbele za watu ni utovu wa adabu, hata kama mtoto ana haki. Kamusi ndiyo inayomsaidia. Binti wa jirani yangu, wa miaka kumi na miwili, aliwahi kumzuia babu yake neno hivi: alifungua kitabu, akakigeuza upande wa mzee, akanyamaza. Babu akasoma, akaokota kete zake, akacheka. Hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa sababu aliyekataa ni kitabu. Ukiiondoa kamusi, unabaki na umri, sauti na ubishi. Anayejua kubisha atashinda, na mtoto atajifunza kunyamaza.

Hoja ya pili ya upande huo ni wingi. Chukua kitenzi kimoja, penda. Weka nafsi sita mbele yake, mimi mpaka wao, na nyakati nne tu: na, li, ta, me. Umeshapata maneno 24. Kanusha, uweke na hajapenda na wenzake, ni 24 mengine. Bado hujaweka kiambishi cha mtendwa, hujagusa ki na ka, hujaingia kwenye ngeli za vitu, wala hujanyambua hata mara moja. Kitenzi kimoja kinazaa kijiji. Mwalimu anauliza: mchezo ambao orodha yake ya maneno haiwezi kuandikwa, mwamuzi wake atasimama wapi?

Tena kuna alama za mteremko. Mtu ametoka jasho akaweka "penda", amepata 8. Wa pili anaongeza NA nyuma, "pendana", anachukua 10. Wa tatu anatia WA mbele, "wapendana", 15. Wa nne ana kete moja tu ya maana, O, anaibandika mwishoni: "wapendanao", 16. Kete moja imelipa mara mbili ya kazi ya yule wa kwanza. Nilishawahi kuwa yule wa kwanza, na inauma.

Hata hivyo, kamusi yenyewe haiwapi watu wake ukuta wanaoudhani. Sifa hazikai humo zikiwa maneno kamili. Zimeandikwa kwa kistari, -zuri, -kubwa, -eupe. Ukifuata kitabu neno kwa neno, "wazuri" haikubaliki, wala "vyeupe". Nomino imewekwa kwa umoja, na wingi umedokezwa kwa kiambishi tu. Mwalimu anakubali "vitabu", anakubali "wazuri", anakubali "yangu". Nikamuuliza: hapo si umeshaambatisha mwenyewe? Kama tumeruhusu vi- ikae mbele ya nomino na wa- mbele ya sifa, kwa nini li- ikae nje ya mlango wa kitenzi? Alifikiri, akasema ngeli ni chache na zinahesabika, nyakati zikichanganyika na mtendwa hazihesabiki. Ni jibu la haki. Lakini maana yake mpaka huo tumeuchora sisi kwa ajili ya raha yetu, haukuchorwa na lugha.

Upande wa sentensi unaanzia hapo. Kiswahili kinakua kwa mbele. Kiingereza ukitaka kurefusha neno unatafuta S ya kuweka nyuma. Kiswahili unaanza kwa kufikiri nani, lini, kwa nani, ndipo kitendo. Mchezaji anayeshika HAIJA mkononi na kuona "iva" ubaoni anafanya kazi ileile anayoifanya akili ya mtoto anapojifunza kusema: ndizi haijaiva. Kumkataza ni kumwambia acheze kwa lugha ambayo hakuna anayeizungumza, lugha ya mashina matupu. Na si kwamba tunaomba jambo geni. Scrabble ya Kiingereza inakubali kitenzi cha wakati uliopita, na ya Kifaransa inakubali vitenzi vilivyonyambuliwa kwa nafsi na nyakati. Wao wana bahati kwamba vya kwao vinaweza kuorodheshwa. Hatuwezi kuadhibiwa kwa kuwa vya kwetu ni vingi zaidi.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila upande unakivutia kwake. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri orodha. Mwaka 2024 akatwaa na wa Kihispania. Mwalimu anasema: mnaona, orodha ni ya haki, hata mgeni anashinda kwa bidii yake, haulizwi kabila wala lafudhi. Dada wa Kariakoo anasema: mnaona, kwa orodha mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha asiyoweza kuitumia kuombea maji ya kunywa. Kwa sheria ya sentensi, Richards angekuja Magomeni angelazimika kujua kwamba tunda ni li na ndizi ni i. Mimi hapa niko na dada. Namstahi sana yule bwana, kazi aliyoifanya si ya mchezo, lakini tunachokitafuta kibarazani ni Kiswahili chenyewe, na sarufi haikaririki kama orodha.

Nimeona pia kinachotokea tukicheza kwa kamusi peke yake: ubao unakwama mapema. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu na silabi ziko wazi, hivyo kulaza neno ubavuni mwa jingine ni shida, maana konsonanti zikikutana tu umeharibu. Unabaki kutegemea vijineno kama na, ya, si, ni, au, je. Bila viambishi vya kurefushia, baada ya raundi sita au saba watu wanaanza kupita huku vibao vyao vimejaa R, T na E.

E hizo zinanileta kwenye jambo ambalo pande zote mbili zinalisahau zikibishana. Nusu ya ugomvi wetu hautokani na sheria, unatokana na kete. Mchezo huu ulibuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Aliamua idadi ya kila herufi kwa kuhesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, ya Kiingereza bila shaka. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948. Kwa hiyo mfuko wangu una E 12, R 6, T 6, na K moja. K moja! Hiyo ndiyo ku ya kila kitenzi, ki ya kila kiti na kikombe. M ni mbili tu: mtu akiandika "mama" zimekwisha, na hakuna tena mtoto, mwalimu wala mzee mpaka mwisho wa mchezo, labda upate kete tupu, ile isiyo na herufi inayokaa badala ya herufi yoyote. Z inalipa 10 kama vile ni johari, wakati kwetu ni herufi ya sokoni, zawadi, uzi, ziwa, maziwa. Q na X hazina kazi kabisa, na C haisogei bila H, ambazo nazo ziko mbili.

Ukitaka kuona kwa macho, mwaga mfuko mzima mezani ujaribu kuandika "haba na haba hujaza kibaba". Utatumia A zote tisa mpaka ya mwisho. Utahitaji B nne, zipo mbili. Utahitaji H tatu, zipo mbili. Ukichukua na zile kete mbili tupu, bado umepungukiwa moja. E zote kumi na mbili zitabaki zinakutazama. Seti ya kete 100 haiwezi kuandika methali ya maneno matano ambayo mtoto wa chekechea anaijua.

Sisi tumebandika plasta juu ya Q tukaandika K, na juu ya X tukaandika M. Ni viraka tu, lakini tangu tuvitie, watu wa kamusi wamepunguza malalamiko kwamba ubao unakwama, na watu wa sentensi hawabanduki sana kwenye viambishi. Ningetamani mtu mwenye karakana ya mbao, na Keko wapo wengi, akae na mwanaisimu wahesabu gazeti la Kiswahili kama Butts alivyohesabu la kwao, wachonge kete zetu wenyewe. Labda CH iwe kete moja.

Mpaka hapo, msimamo wangu ni huu. Neno lenye sentensi liingie, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwa ajili ya hoja ya mwalimu kuhusu adabu: sentensi isiamuliwe na wachezaji. Sisi ni watano na mchezo ni wa wanne, daima yupo mmoja anayesubiri zamu. Huyo ndiye ahukumu, awe mtoto au mzee, na akisema hapana ndiyo imekwisha. Akikwama kwenye shina la neno, hapo kamusi ifunguliwe. Tunazo mbili, Kamusi ya Kiswahili Sanifu na ile Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Sharti la pili ni la mteremko: anayerefusha neno la mwenzake kwa kete moja apate alama za kete hiyo tu, si za neno zima. Najua hili linaua mbinu moja tamu, na kijana wa bodaboda ameshanilaumu. Bado naona ni afadhali kuliko kumlipa mwenye O mara mbili ya aliyeleta "penda".

Kwa watoto wanaojifunza kuandika, ningewaachia kamusi kwanza, mwaka mmoja hivi. Kufungua kitabu na kutafuta ni ujuzi wa peke yake. Na lugha ya mtaani, mchongo, noma na ndugu zake, sina ugomvi nayo ikiwa meza nzima imekubaliana kabla ya kuchota kete ya kwanza.

Ile Jumamosi hatukufika huko. Magharibi iliingia, watu wakaenda kuswali, na waliporudi mwalimu alikuwa bado na miwani mkononi. Daftari la alama ninalitunza mimi. Nimeandika 28 za dada kwa wino, na zile 50 kwa penseli. Jumamosi hii mwalimu atakuja na kamusi zote mbili, na dada ameomba apewe nafasi ya kusema kabla kete hazijamwagwa.